Mizinga Iliyovutwa kwa Kamba

Historia ya utumishi ya manowari huandikwa kama wasifu wa marehemu: ilishushwa majini lini, nani aliiongoza, ilipigana na nani, ikafa wapi. Wasifu wa Königsberg ya Wajerumani ni mfupi. Ilishushwa majini huko Kiel mwaka 1905, ikaanza kazi 1907, ikafika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Alfajiri ya Septemba 20 mwaka huo iliikuta Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, mitambo ikiwa matengenezoni, ikaizamisha. Kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Julai 11, 1915, Severn na Mersey, meli za Waingereza zilizoweza kupita kwenye maji mafupi, ziliipiga hadi mabaharia wake wenyewe wakaimalizia.

Hapo wasifu hufungwa. Mapema mno, kwa maoni yangu.

Mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu, ikaenda kupigana bara. Hata kabla ya hapo, meli ilipokuwa bado imejificha, sehemu za boila zilizoharibika zilivutwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa mtoni. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kila upande, kwenye tope na pori. Waliovuta ni wapagazi, kwa kamba na mabega.

Je, watu hao waingie katika orodha ya waliotumikia meli ile? Bila wao isingepona boila, wala mizinga yake isingefyatuliwa tena. Mpishi wa meli huhesabiwa, naye hakufyatua kitu.

Lakini kuna pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, katika vita visivyowahusu. Kuwaandika leo kuwa watumishi wa Königsberg ni kama kuwakamata mara ya pili na kuwavika sare ya mfalme wa watu wengine. Pengine mjukuu wa mmoja wao angeniambia: mwache babu yangu apumzike, hakuwa wa meli hiyo.

Nadhani mjukuu huyo angekuwa na haki, ila kwa upande mmoja. Sifa haiwezi kubandikwa mtu asiyeitaka. Hesabu ni jambo jingine. Anayeandika gharama za meli huandika makaa na risasi bila kuyauliza makaa. Basi iweje migongo ya watu ikosekane?

Nimewahi kusimama Fort Jesus, Mombasa, mbele ya mzinga mmoja wa Königsberg. Karibu yake umewekwa mzinga wa Pegasus, mahasimu wamekuwa majirani. (Watoto huwapanda wote wawili bila upendeleo.) Chuma kimetunzwa vizuri. Mabaharia wa Pegasus nao wana makaburi yao kisiwani Chapwani, ng'ambo kidogo tu ya mji wa Zanzibar.

Kwa hiyo sidai sanamu. Nadai sentensi moja, iwekwe baada ya Julai 11, 1915: kwamba mizinga iliendelea na vita nchi kavu, ikivutwa na Waafrika ambao wengi wao hawakuulizwa, na ambao majina yao hayakuandikwa.