Je, Mwislamu Aifiche Mali Yake Mbali na Serikali?

Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaouliza: Kodi ikiumiza, je, si afadhali mtu ajitenge na serikali kimya kimya, mali yake isionekane, kuliko kupoteza wakati akitoa maoni?

Swali hili si la kupuuzwa. Uislamu unaheshimu siri ya mtu. Kurani Tukufu imekataza kupeleleza watu (49:13) na kuingia nyumba ya mtu bila idhini (24:28). Tena imesifu sadaka itolewayo kwa siri (2:272). Basi si kila afichaye fedha ni mwovu.

Lakini tupambanue. Tarehe 15 Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, wengine walirudia kulipana noti mkononi. Hao hawakumdanganya mtu. Waliacha tu huduma waliyoiona ghali. Ama mwenye madaftari mawili, moja la kweli na moja la kuonyesha, huyo hakujitenga na serikali. Barabara anaipita, akidhulumiwa hukimbilia mahakamani, na mzigo wake amemtwika jirani yake mkweli. Siri ya sadaka humficha mtoaji. Siri hii humficha mdaiwa.

Tazama Nabii Yusufu a.s. Alifungwa bila hatia katika nchi ya mfalme asiyekuwa wa dini yake. Alipotolewa hakuikimbia dola ile, bali aliomba awekwe juu ya hazina (12:56), na watu wakaokoka na njaa. Hapa Dar es Salaam, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mbashiri wa Jumuiya yetu, alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika, kisha Waziri wa Sheria.

Wala sauti si bure. Tozo ile ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba 2021 baada ya malalamiko ya wananchi. Tarehe 17 Mei 2023 wafanyabiashara walimweleza Waziri Mkuu Majaliwa dhiki zao uso kwa uso, Mnazi Mmoja. Kufunga maduka kulikotangulia hatukusifu, maana mgomo humwumiza pia asiye na kosa; kusema kweli hadharani twakusifu.

Atauliza mtu: Na mtawala akiwa dhalimu? Musa a.s. aliamriwa kusema na Firauni mwenyewe kwa upole (20:45). Ikishindikana, ipo njia ya kuhama, kama Waislamu wa kwanza walivyohamia Uhabeshi. Lakini mwenye kuhama huacha nchi pamoja na manufaa yake. Hali manufaa akakimbia gharama.

Mwenyezi Mungu, ayasomaye madaftari yote mawili, atujalie kuwa na moja tu. Amin.