Mgeni na Jembe la Sikukuu

Mtu aliye mbali na kwao hujaribiwa mara mbili: siku ya msiba, kwa kuwa hana wa kulia naye, na siku ya sikukuu, kwa kuwa wenziwe wanacheka. Jaribu la pili husemwa kidogo, walakini uzito wake si haba. Kijana wa Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, akaaye London au Chicago, hualikwa na rafiki zake karamu ya Noeli. Huenda, hula, hucheka. Kisha moyo wake humwuliza: Je, furaha hii ni yangu, au nimeiazima? Na ni halali nishibe hapa, na mama yangu yuko kule peke yake?

Wako wanaojibu kuwa furaha ya kweli ni ya damu na ya nyumbani, na ile ya ugenini ni kivuli chake. Mcheza kwao, husema, ndiye atunzwaye. Jawabu hili lina heshima yake, lakini wazee wa Rungwe wenyewe hawakulikubali lote. Monica Wilson, aliyechunguza maisha ya Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake Good Company cha 1951 jinsi wavulana walivyotoka katika nyumba za baba zao, wakajenga kijiji chao watu wa hirimu moja. Huko walijifunza ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula, kunywa na kuzungumza na marafiki walio sawa. Katika nchi ile, basi, udugu wa kula pamoja haukungoja udugu wa tumbo moja.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Ukwangala ulitaka usawa, na usawa una mlango mwembamba: vijiji vile vilikuwa vya wanaume wa rika moja, wanawake waliingia kwa ndoa, hawakuwa na vyao. Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Mgeni katika karamu si sawa na mwenyeji. Hajui nyimbo, hajui kicheko kimetokana na nini, na pengine hana nyumba ya kuwaalika wenziwe kesho. Akipewa kiti kizuri na sahani iliyojaa, ameheshimiwa. Kuwa mwenzi bado.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hii kama onyo kwa mvivu. Mimi huona ndani yake heshima ipitayo ile ya kiti cha mbele. Kumpa mtu jembe ni kukiri kuwa una haja naye. Aambiwaye, “Njoo umenye viazi,” ameambiwa kuwa karamu ingepungua asipokuwapo. Akatazwaye kugusa chochote huondoka ameshiba, na ugeni wake ungali mzima. Furaha huwa ya mtu pale alipoifanyia kazi. Hapo haiwi ya kuazima tena.

Na mama aliye Bulyaga? Huzuni ya mwana haimshibishi. Deni lake hulipwa kwa salamu, kwa msaada na kwa kurudi. Halilipwi kwa kununa mezani pa watu. Anayenuna humdhulumu mwenyeji wala hamfai mama. Lakini anayecheka hata akalisahau deni ameigeuza furaha kuwa kileo.

Tukumbuke pia kuwa Noeli yenyewe ilifika Rungwe ikiwa mgeni, pamoja na wamisionari wa Kimoravian walioweka kituo chao huko mwaka 1891. Haikubaki mgeni, kwa sababu ilipewa jembe: ikapikiwa ndizi, ikaimbiwa Kinyakyusa, ikanyeshewa mvua ya Desemba mahali pa theluji. Ikiwa sikukuu nzima iliweza kuwa mwenyeji, mtu mmoja hashindwi. Na Tukuyu ina wageni wake leo: mwalimu aliyehamishiwa, muuguzi aliyetoka pwani, mwanafunzi wa chuo. Kabla hatujauliza mwana wetu alipewa nini ughaibuni, na tujiulize sisi tumempa nani jembe.