Je, Mirathi Ichezewe kwa Rangi?



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Dzaleka, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, na ustadhi akaniomba nimsaidie kuwafundisha faraidh watoto wakubwa wa madrasa. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000 hivi. Leo tumepita 50,000. Watoto wa hapa wanajua kugawana kidogo kabla hawajajua hesabu za sehemu.

Nikatengeneza katuni kwa programu ya Scratch: sanduku lenye vyumba 24, kila mrithi na rangi yake. Nikawapa ile kesi ya mimbari, ambayo inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa akiwa anahutubu. Marehemu kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke thumuni, vyumba 3. Mabinti thuluthi mbili, vyumba 16. Baba sudusi, 4, na mama vivyo hivyo. Jumla 27! Rangi zikafurika nje ya sanduku, watoto wakacheka. Nikabonyeza kitufe, kila rangi ikasinyaa kwa uwiano mmoja mpaka zote zikaenea. Hiyo ndiyo aul.

Ustadhi hakufurahi. Mali ya maiti, aliniambia baadaye, si kitu cha kuchekewa. Nilimwelewa, maana mle darasani walikuwamo mayatima. Nikajitetea kwa al-Khwarizmi, ambaye sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr inahusu wasia na mirathi. Utetezi dhaifu, yeye hakuwa akichekesha watoto.

Lakini binti mmoja alikuwa ameuliza: "Kaka, mbona mama naye kapunguzwa? Kosa lake nini?"

Mimi nilifaulu mtihani wa aul bila kujiuliza hilo hata siku moja. Kwenye karatasi thumuni inageuka tusui kwa kalamu tu. Yeye aliiona ikisinyaa. Na swali lake si la kitoto: Ibn Abbas (r.a.) aliikataa aul, akaona upungufu uwaangukie mabinti, kwa kuwa wao wakiwa na kaka yao huacha fungu maalumu na kurithi kinachobaki. Usiku ule nikaongeza kitufe cha pili. Tuseme mali ni kwacha 216,000. Kwa aul, mke anapata 24,000 na mabinti 128,000. Kwa rai ya Ibn Abbas, mke 27,000, mabinti 117,000. Jumhuri ya mafaqihi wetu wameshika aul, nami naishika. Ila sasa najua ni nani anayelipa, na kiasi gani.

Ndiyo maana naona mchezo huu unafaa, kwa sharti. Rangi hazilii zinapopungua, na hapo ndipo ustadhi alipokuwa na haki. Nimeondoa mlio wa puto linalopasuka niliokuwa nimeuweka sanduku linapofurika. Huo ndio uliowachekesha. Mwendo nimeuacha.

Yule binti alibonyeza vitufe vyote viwili mara nyingi, kisha akauliza kama kipo cha tatu.