Kusitiri na Kuficha: Swali la Ukuta wa Jiko

Lugha ya Kiswahili imelibebesha neno jiko mzigo mkubwa. Jiko ni kile chombo cha chuma au cha udongo kinachobeba moto. Jiko ni chumba kinamokaa chombo hicho. Na mwanamume anapooa, jamaa zake husema kwamba amepata jiko. Wapo wanaoufurahia msemo huo na wapo wanaouchukia, na kila upande una hoja yake. Hata hivyo hapana awezaye kukana kwamba lugha imeviunganisha chombo, mahali na mtu kwa neno moja. Basi fundi anapoulizwa ukuta wa jiko usimame wapi, pasi na kujua kwake ameulizwa pia mtu yule asimame wapi.

Swali hilo linaulizwa sana siku hizi katika vitongoji vinavyokua pembezoni mwa Dar es Salaam, na Kibamba ni kimojawapo. Kibamba iko magharibi ya jiji, kandokando ya barabara ya Morogoro. Zamani ilihesabiwa katika Kinondoni, na leo imo katika Wilaya ya Ubungo. Wakazi wa barabara hiyo wanaijua maana ya ukuta kuanguka, kwani mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa ili kupisha upanuzi wa njia. Lakini upo ukuta mwingine ambao huangushwa kwa hiari ya wenyewe, nao ni ule unaotenga jiko na sebule.

Na ichukuliwe, kwa mfano, nyumba ya kawaida ya huko: vyumba vitatu, sebule, na jiko dogo lenye dirisha moja linalotazama uani. Watoto wamekua, akiba kidogo imepatikana, na mume na mke wanataka kuongeza upande wa nyuma ili jiko, meza ya chakula na sebule viwe ukumbi mmoja. Picha wameziona katika simu: kabati zisizo na vishikio, feni ya kuvuta moshi iliyoning'inia kama kengele, na katikati meza kubwa ya mawe ambayo mafundi huiita kisiwa. Mama wa mume amekuja kutoka Tanga kuwatembelea. Anaonyeshwa mchoro, anautazama kwa muda, kisha anamwuliza mkwewe, "Mwanangu, siku huna cha kuinjika, utakaa wapi?" Mkwe naye anajibu kwa adabu, "Mama, hata siku ninayo ya kuinjika, ninyi mnazungumza sebuleni, mimi huku nasikia kicheko tu, sijui mnachekea nini."

Maneno hayo mawili yanatosha kuonyesha kwamba mzozo huu hauhusu mapambo. Mama mkwe anautetea ukuta kwa sababu unasitiri. Mkwe anaulaumu ukuta huohuo kwa sababu unamficha. Wasemao Kiswahili huyachanganya maneno haya katika mazungumzo ya haraka, ilhali maadili yake yanatofautiana sana. Kusitiri hufanywa kwa ajili ya yule anayesitiriwa: maiti husitiriwa, mwenye dhiki husitiriwa, aibu ya jirani husitiriwa. Kuficha hufanywa kwa faida ya yule anayeficha: mwizi huficha mali, tajiri huficha hesabu, mkosaji huficha kosa. Kitendo kwa nje ni kimoja, pazia ni lilelile. Kinachotenga viwili hivi ni jawabu la swali moja: pazia hili limetundikwa kwa ajili ya nani?

Watu wa mwambao hawakuwa na jawabu moja. Katika nyumba za mawe za Lamu, aghalabu meko yaliwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi na joto vichukuliwe na upepo badala ya kuenea vyumbani. Mgeni aliishia dakani, na harufu ya chakula ilimfikia kabla hajakiona. Katika nyumba za vyumba sita za Dar es Salaam, kama zile za Kariakoo, Magomeni na Temeke, mambo yalipangwa vingine. Ukumbi mwembamba hupita katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma upo ua wenye jiko, bafu na choo. Wapangaji hukutana hapo, kila mmoja na seredani yake, na mapishi ya mmoja huonwa na wote.

Kwa hiyo si kweli kwamba jiko la wazi ni uzushi wa jana. Ua ule ulikuwa wazi kuliko sebule yoyote ya leo; tofauti ni kwamba uliwaelekea majirani na ukampa mgongo mpita njia. Siri ya mtungi aijuaye kata, nao waliopika pamoja walikuwa kata za mitungi ya wenzao. Walijua nani ameongeza maji katika mchuzi, nani amepika ugali bila kitoweo, na nani hakuwasha moto tangu asubuhi. Ujuzi huo uliweza kugeuka umbea, na mara nyingi uligeuka. Lakini pia uliweza kugeuka bakuli la wali lililofunikwa sahani na kutumwa kwa mtoto, bila ya maneno.

Ulaya nayo ilipitia swali hili kwa njia yake. Mwaka 1926, mjini Frankfurt, msanifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko lenye upana usiotimia mita 2 na urefu wa karibu mita 3 na nusu. Alizihesabu hatua za mpishi na kukiweka kila chombo karibu na mkono wake. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yakajengwa katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida, katika mradi uliosimamiwa na Ernst May. Huyo May si mgeni kabisa katika nchi hizi: mwaka 1934 alihamia Tanganyika akawa mkulima upande wa Arusha, kisha akaenda Nairobi na kuirudia kazi yake, na miongoni mwa kazi alizofanya huku ni mpango wa kuupanua mji wa Kampala na jengo la Oceanic Hotel mjini Mombasa.

Nia ya jiko la Frankfurt ilikuwa njema: kumpunguzia mwanamke uchovu. Hata hivyo, jiko lililopimwa kwa mwili wa mtu mmoja halina nafasi ya mtu wa pili. Miongo kadhaa baadaye wanawake wengine walilishutumu kwamba limemrahisishia mpishi kazi na papo hapo limemfungia ndani yake peke yake. Mkwe wa Kibamba hakuhitaji kuisoma historia hiyo ili kuifahamu. Amekwisha kuiishi.

Je, basi haki iko upande wake, na ukuta uanguke? Ingekuwa rahisi kujibu naam, lau isingekuwa mtu wa tatu ambaye katika mazungumzo yale hakuulizwa. Nyumba nyingi za namna hii zina msichana wa kazi. Na katika nyumba nyingi zenye jiko la wazi, likiisha kujengwa, hugunduliwa kwamba halifai kukaangia samaki, wala kuchemshia maharage kwa saa tatu, wala kukunia nazi za watu kumi. Makochi hushika harufu na dari hupata weusi. Hapo hujengwa jiko la pili nyuma ya nyumba, la mkaa, lenye bati tupu juu yake. Jiko la ndani hubaki la chai na la kupigia picha. La nje huwa la kupikia. Na anayekaa katika lile la nje anajulikana.

Hapa ndipo kipimo cha kusitiri na kuficha kinapofanya kazi yake. Ukuta wa zamani ulimtenga mke na wageni. Ukuta mpya umehamia hatua kumi nyuma na unamtenga binti wa watu na familia nzima. Moshi uliokuwa ukimliza mmoja sasa unamliza mwingine ambaye hana sauti ya kulalamika. Wenye nyumba husema nyumba yao iko wazi, na wageni huwasifu. Lakini uwazi ni neno lenye deni. Tanzania ililisikia kila siku katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, kati ya mwaka 1995 na 2005, likiwa limefungwa pamoja na ukweli. Uwazi uliotengana na ukweli ni dirisha lililochorwa ukutani.

Madhara ya moshi si jambo la kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mtu anayejenga upya jiko lake Kibamba, hata bila ya kuusoma mkakati huo, anauitikia au anaukataa kwa kila tofali analolipanga.

Ama kuhusu vyombo vyenyewe, mpango mwema huanza na vile visivyoonekana. Feni za kuvuta moshi ni za namna mbili: moja huutoa moshi nje kwa bomba, na nyingine huuchuja na kuirudisha hewa ileile chumbani, ikiwa na joto lake na unyevu wake. Dukani hufanana, ni katika kikaango cha kwanza cha changu ndipo hutofautiana. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya. Kwa sababu hiyo mtungi hukaa nje ya nyumba, na matundu ya hewa huwekwa chini ya ukuta, wala hayatoshi yale ya juu. Jiko la umeme la presha hupika maharage kwa muda mfupi na kwa umeme kidogo kuliko wengi wanavyodhani, lakini linahitaji waya wake madhubuti na soketi iliyo mbali na maji. Na umeme, hata baada ya kujengwa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, huweza kukatika. Usiku huo mtu huchukua seredani ya mkaa na kuiingiza katika ukumbi wenye madirisha ya alumini yaliyofungwa kwa sababu ya mbu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na imekwisha kuua watu usingizini. Uani upepo uliwalinda watu bila ya wao kujua. Ukumbi wa kisasa umeuondoa mlinzi huyo, na sharti apatikane badala yake.

Vyombo hivi hugharimu fedha, na hapo ndipo maadili hudhihirika, kwa kuwa bajeti ni orodha ya mtu anavyowapanga watu wake. Fedha inayonunua jiwe la kisiwa inaweza kununua bomba la kutolea moshi. Wasomaji wanaoishi visiwani wanajua kwamba kisiwa bila chombo cha kuvukia ni kifungo; na kisiwa cha jikoni, kikizungukwa na viti vya wanaongoja kuandaliwa, hakitofautiani sana na jiko la Frankfurt. Kikiwa na nafasi ya watu watatu kukata mboga pamoja, mmoja wao akiwa mume na mwingine yule msichana, kimelitimiza alilolitaka mkwe.

Na mama mkwe je? Swali lake halijajibiwa. Siku huna cha kuinjika, utakaa wapi? Yeye alikulia katika zama ambazo sufuria lenye maji matupu liliweza kuwekwa motoni ili watoto wasinzie wakingoja, na ukuta ukaisitiri heshima ya mama yao. Si haki kuiita hofu hiyo ushamba. Mlango wa kusukuma unaofungwa siku ya haja, au nusu ukuta unaoificha meza ya kazi na kuuacha uso wa mpishi uonekane, hauvunji mchoro wa kisasa. Humpa mpishi ufunguo wa sitara yake: afungue apendapo, afunge apendapo. Ukuta ambao ufunguo wake uko mkononi mwa anayesitiriwa haumfichi.

Limebaki jambo moja, nalo liko nje ya mchoro. Kibamba, kama vitongoji vingine vipya, kila nyumba imezungushiwa ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake, na geti la chuma. Ndani, kuta zinapungua; nje, zinaongezeka. Katika ua wa Magomeni, moto usiowaka ulionekana na wote. Katika kiwanja kilichozungushiwa ukuta, jiko linaweza kuwa wazi kutoka pembe hadi pembe na kukaa bila moto siku tatu, na jirani wa ukuta wa pili asijue. Fundi hakuulizwa kuhusu hilo, na mchoro wake hauna mahali pa kulionyesha. Lakini mama mkwe, kabla ya kurudi Tanga, aliuliza jina la jirani wa upande wa kushoto, na mwanawe akamtazama mkewe, na mkewe akamtazama yeye.