Kinga ni Sehemu ya Kudra

Huku kwetu Shinyanga kila msiba wa barabarani au machimboni husindikizwa na maneno haya: ajali haina kinga, ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni mzee wa kanisa na Mungu namwamini. Lakini nimekula mshahara wa kinga. Pale uwanja wa ndege wa Ibadakuli nilikuwa kibarua, natunza ardhi iliyo mbele ya mwisho wa njia ya kurukia.

Ni ardhi isiyolimwa wala kujengwa. Kwa njia za ndege kubwa, kanuni za kimataifa zinataka ukanda wa mita 60, kisha eneo la usalama la mita 90 kwa uchache, zinashauri 240. Ndege ikishindwa kusimama, au ikigusa chini mapema, hapo ndipo inapopokelewa. Udongo wetu mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi, mvua nazo huuchimba makorongo. Basi ni kufukia, kushindilia, kufyeka, kufukuza ng'ombe, mwaka hadi mwaka, kwa ajili ya ndege ambayo huenda isije. Wenzetu Marekani hutandika vitofali vya zege jepesi vinavyopondeka chini ya magurudumu. Mwaka 1999, New York, ndege yenye watu 30 ilinasa humo ikasimama. Navyo hukaguliwa, maana vikiingia maji vinaharibika.

Mhubiri kijana aliwahi kuniambia kwamba kujiandalia ajali ni kukosa imani. Nikamkumbusha Bukoba, Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege iliangukia ziwani ikielekea kutua. Kati ya watu 43 walikufa 19. Sisemi kwamba ardhi kama yangu ingewaokoa, maana walianguka majini. Nasema wavuvi hawakungoja tuwafafanulie mapenzi ya Mungu. Walipiga kasia. Mimi naona kasia zile zilikuwa ndani ya mapenzi hayo.

Akanijibu kwa machimbo ya Nyangalata, Kahama, mwaka 2015: duara, yaani shimo la wachimbaji, liliporomoka, na baada ya siku 41 watu watano wakatolewa hai. Ni muujiza, nakubali, na hata leo namshukuru Mungu. Ila waliofukiwa walikuwa sita. Nyumbani kwa yule wa sita siwezi kwenda kusema Mungu aliwapenda wenzake zaidi. Naweza kwenda kukaa na ndugu zake, nikawauliza nani alikuwa na kazi ya kukagua matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara.