Kilo Tano kwa Lita Tano

Iwapo mwanamke katika mji wa Maskati amekopa kwa jirani yake kopo la mafuta ya kupikia la kilo tano kwa ajili ya karamu ya harusi, kisha baada ya wiki akamrejeshea galoni la lita tano, je, deni limekwisha? Wote wawili wameridhika, kwani ni tano kwa tano. Na wote wawili wamekosea hesabu.

Kilo ni uzito, na lita ni nafasi ndani ya chombo. Viwili hivyo hulingana katika maji tu, kwa sababu Wafaransa walipoiweka gramu mwaka 1795 waliipima kwa maji. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi. Lita moja ya mafuta ya alizeti au ya mahindi ina uzito wa gramu 920 hivi. Basi lita tano ni kilo 4.6, na jirani amepungukiwa na gramu 400. Kilo tano kamili zahitaji lita tano na mililita 430 hivi.

Wazee wa Unguja na Pemba hawakuwa wakichanganya mambo haya. Frasila ilikuwa ya mizani, pishi na kibaba vilikuwa vya chombo, na kila mtu alijua kuwa kibaba cha mchele na kibaba cha unga havilingani mizani. Nabii Shuaib (A.S.) naye aliwaonya watu wa Madyana juu ya kipimo cha chombo na juu ya mizani, vyote viwili vikitajwa kwa majina yao.

Huenda mtu akasema kwamba maadamu jirani ameridhika hapana dhulma. Lakini ridhaa ya asiyejua alichopungukiwa ni ridhaa ya jambo jingine. Yeye ameridhia kilo tano, wala hakuletewa. Mkopaji asiyejua hana lawama ya khiyana, ila haki ya mwenziwe ingali shingoni mwake, na siku atakapojua ndipo atakapodaiwa. Ama mwenye duka anayejua, akachukua galoni la lita ishirini, ambalo ni kilo 18.4, akaliuza kidogo kidogo kana kwamba ni kilo ishirini, huyo amelipwa kilo 1.6 ambazo hakuzitoa. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, imeitwa kwa jina la watu wa namna yake.

Wala haifai kufikia wasiwasi. Mafuta hutanuka kwa joto: lita tano za asubuhi ya baridi huongezeka kiasi cha sehemu moja ya kumi ya lita zikiwekwa penye joto la nyuzi 45, na uzito wake haubadiliki. Aliyekopa kwa lita akalipa kwa lita hana haja ya kuchukua kipimajoto.

Kwa mwanamke yule, lililobaki ni jepesi. Na apeleke kibuyu cha mafuta yaliyopungua, aeleze ni kiasi gani na kwa nini. Jirani akicheka akasema, "Nimekuachia, dada," hapo ameachia kitu anachokijua, na kibuyu kirudi nyumbani.