Shahidi Asiyehojiwa

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, kifungu cha 130, inampa mume au mke wa mshtakiwa nafasi ambayo mashahidi wengine hawana: anaruhusiwa kutoa ushahidi upande wa mashtaka, lakini kwa kawaida halazimishwi. Dola nzima, yenye polisi na mahakama, inabisha hodi mlangoni pa watu wawili na kukubali kuambiwa hapana. Ndoa ikishavunjika, mtu huyohuyo utamkuta kwenye chai ya saa nne ofisini, hajaapishwa wala kuitwa na yeyote, anamwaga yote.

Najiuliza maneno yake yanapata wapi nguvu. Umbea wa jirani tunaupokea kwa mashaka, kwa kuwa jirani amechungulia tu. Wa mtalaka hauna mashaka hayo. “Huyo nimeishi naye miaka sita, utaniambia nini?” Hapo mjadala umekwisha. Ukaribu umegeuka cheti, na wasikilizaji hawaulizi ni cha somo gani. Anayejua kwamba mwalimu fulani hununa siku tatu, au kwamba alikuwa akilia usiku kwa ajili ya deni, hajapata kwa hilo ujuzi wowote wa namna anavyofundisha darasa la nne. Alilala naye chumba kimoja. Hakukagua vitabu vyake vya hesabu.

Mjini aliyechafuliwa huhama ofisi, hata mtaa. Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa wilayani Manyoni, si rahisi hivyo. Hapa palikuwa na boma la Wajerumani, lakini Reli ya Kati ilipita chini kwenye stesheni ya Saranda, ikapanda kuelekea Manyoni, na makao ya wilaya yapo huko. Kazi za mshahara zilizopo hazitoshi watu wawili kukwepana.

Tuseme, na huu ni mfano tu, walimu wawili walioachana wako shule moja. Kwenye daftari la mahudhurio jina la mwanamke linafuata la yule bwana, kwa hiyo kila asubuhi anasaini chini ya wino ambao haujakauka. Akiingia ofisi ya walimu, mazungumzo yanarukia mvua. Bwana amesema, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba mwenzake ana tatizo la fedha, na kwamba kwenye vikoba walimstahi tu. Wiki mbili baadaye michango ya uji, aliyokuwa akiikusanya, anapewa mwalimu mwingine. “Tumeona upumzike, mwalimu.” Hakuna aliyemshtaki, kwa hiyo hakuna awezaye kumwachia huru.

Tena hawezi kujibu kwa silaha zilezile. Akitaka kueleza lile tatizo la fedha lilitokana na nini, itambidi aseme nani alikunywa mshahara wa nani, na hapo naye atakuwa ameufungua mlango uleule. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Tangu hapo hata kupika na kufua kunaweza kuhesabiwa pale mali inapogawanywa. Waliyoyajua walimu wetu wawili kuhusu wenyewe hayakuwahi kugawanywa na hakimu yeyote. Yanabaki mali ya pamoja mikononi mwa watu wasioongea, na anayewahi kuitumia ndiye anayefaidi.

Mwanaanthropolojia Max Gluckman aliandika mwaka 1963 kwamba umbea hulifunga kundi pamoja na kulinda maadili yake. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini mtazamo huo ni wa aliyekaa na kundi, si wa aliyenyamaziwa. Ugogoni, ambako Kilimatinde ipo, kuna kipimo kizuri zaidi. Peter Rigby, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliuchambua utani wa Wagogo kwa kirefu. Mtani hukutukana, hata msibani, ila hukutukana ukiwepo, ukiwa na ruhusa ya kumrudishia, na kila asikiaye anajua uzito wa maneno yale. Majungu ya ofisini hayana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Hapa kuna pingamizi ambalo silipuuzi. Vipi kama mtalaka anasema kweli, na ana sababu? Mwanamke aliyepigwa asiambiwe kwamba anamsengenya aliyempiga. Wengi wamezikwa kwa adabu ya kunyamaza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimwona msikilizaji wa kusengenya kuwa mshirika wa msemaji, lakini aliacha nafasi kwa anayelalamikia dhuluma na anayetoa tahadhari. Kwa maoni yangu, ukweli peke yake hautenganishi mambo hayo. Anayelalamika huenda kwa mwenye uwezo wa kutenda jambo, akiweka jina lake, tayari kuulizwa lini na wapi. Mpiga majungu huwaambia wote isipokuwa huyo, na ukimuuliza anasema, “Mimi sijasema kitu, nimesikia tu.”

Basi mwalimu wetu ana la kufanya, ingawa si kubwa. Ya chumbani ayaache bila jibu, hata kama yanauma. Ya fedha za uji ayapeleke kwa mkuu wa shule kwa maandishi, aombe hesabu zikaguliwe na aliyeleta neno aitwe. Sheria ya kashfa tuliyoirithi kutoka Uingereza, pamoja na sheria nyingine zilizopokelewa kwa tarehe ya 22 Julai 1920, kwa kawaida humtaka aliyekashifiwa kwa mdomo athibitishe hasara. Lakini neno linalomshambulia mtu katika kazi yake huhesabika kosa bila uthibitisho huo. Sidhani atafika mahakamani, maana nauli, wakili na miaka ya kusubiri si mchezo. Lakini barua ikishagongwa muhuri wa kupokelewa, mkuu wa shule hawezi tena kusema hakuambiwa. Itambidi aseme alimwamini nani, na kwa ushahidi gani.